Avelumab au Pembrolizumab? Mwongozo kwa Familia Yenye Mgonjwa wa Saratani ya Merkel

Familia ikishaambiwa kwamba mzee ana saratani ya seli za Merkel, usiku huo halali mtu. Kukicha, kundi la WhatsApp la ukoo lina majina mawili ya dawa na namba mbili: avelumab, asilimia 33, pembrolizumab, asilimia 56. Mjomba aliyeko Minneapolis keshamaliza hesabu: 56 ni nyingi kuliko 33, daktari aambiwe atoe hiyo. Shangazi naye anauliza mbona hospitali imetaja ile nyingine. Au ndiyo wanayosukumiwa wasio na chao?

Namba zote mbili ni za kweli, ila hazikutoka kwa wagonjwa wanaofanana, na hakuna utafiti uliowahi kuzipambanisha dawa hizi uso kwa uso. Kwa wagonjwa wengi, jina la dawa lina uzito mdogo kuliko mambo manne ambayo familia inaweza kuyafuatilia yenyewe: uhakika wa ugonjwa, nani analipa na kwa muda gani, safari za hospitali, na nani atakuwa macho madhara yakianza. Tuyachukue moja moja.

Ugonjwa wenyewe, na wanaotuhusu

Saratani ya Merkel ni adimu. Marekani nzima hupata wagonjwa wapya wapatao 3,000 kwa mwaka. Huanza kama kinundu kwenye ngozi, chekundu au cha zambarau, mara nyingi usoni, shingoni au mkononi. Hakiumi wala hakiwashi, na hapo ndipo kinapowapumbaza watu, maana hukua kwa wiki, si kwa miaka. Wengi wanaoipata wamepita miaka 50, wana ngozi nyeupe iliyopigwa sana na jua, au kinga yao imedhoofika. Mwanamuziki wa Marekani Jimmy Buffett, aliyefariki tarehe 1 Septemba 2023, aliugua saratani hii kwa miaka minne.

Watu weusi huipata kwa nadra. Hata hivyo wapo wasomaji wa Kiswahili ambao itawafikia. Kuna Wakenya na Watanzania wengi wanaohudumia wazee Marekani na Uingereza, majumbani na kwenye vituo vya malezi. Hao ndio wanaomwogesha bibi wa miaka 80 na kuiona ngozi yake kabla ya daktari. Kuna wazee wa Kizungu waliostaafu wakahamia Malindi, Diani au Nanyuki. Na kuna ndugu zetu wanaoishi na VVU au waliopandikizwa figo, ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine.

Ukiwa mhudumu na umeona kinundu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, usiandike tu "kipele" kwenye daftari la zamu. Weka rula pembeni, piga picha kwa ruhusa, andika tarehe na milimita. Baada ya siku kumi pima tena. Kinundu kisichouma kilichotoka milimita 6 hadi 10 katika muda huo kinahitaji daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, na vipimo vyako viwili vitamharakisha kuliko maelezo marefu.

Hakikisha jina la ugonjwa kabla ya jina la dawa

Chini ya hadubini, saratani ya Merkel inaweza kufanana sana na saratani ya mapafu ya seli ndogo iliyosambaa hadi kwenye ngozi. Maabara huzitenganisha kwa kutia rangi maalumu kwenye kipande cha nyama. Kwa kawaida Merkel huonyesha protini iitwayo CK20 na haionyeshi TTF-1. Ile ya mapafu mara nyingi huwa kinyume chake. Omba nakala ya ripoti ya patholojia, utafute herufi hizo. Kama hazimo, muulize daktari, kwa adabu, ugonjwa ulithibitishwaje. Kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupelekwa maabara nyingine bila mgonjwa kuchomwa tena.

Jambo la pili la kuhakikisha ni hatua ya ugonjwa. Kama uvimbe bado uko mahali pamoja, upasuaji ndio huongoza, pamoja na kupima tezi ya limfu iliyo karibu, na mara nyingi mionzi hufuata. Avelumab na pembrolizumab huingia hasa pale ugonjwa uliposambaa, uliporudi, au usipoweza kukatwa wote. Familia nyingine hukimbilia dawa ya mamilioni wakati kisu na mionzi vingetosha.

Jambo la tatu ni kutochanganya saratani za ngozi. Rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter alitibiwa kwa pembrolizumab mwaka 2015, na habari yake ilienea dunia nzima. Yeye alikuwa na melanoma. Matokeo ya melanoma hayahamishiki hivihivi kwenda kwa Merkel.

Dawa hizi zinafanyaje kazi

Seli za kinga ziitwazo T huzunguka mwilini kama walinzi wa zamu. Seli ya kawaida ikikutana nao huonyesha kitambulisho kiitwacho PD-L1. Mlinzi ana kifaa cha kukisoma, PD-1, na akishakisoma hutulia. Saratani nayo hughushi kitambulisho hichohicho ikapita. Avelumab hukifunika kitambulisho. Pembrolizumab hukifunika kifaa cha mlinzi. Vyovyote vile, mlinzi hadanganyiki tena. PD-1 iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Japani, na mwaka 2018 yeye na James Allison wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyozaa dawa za namna hii.

Saratani ya Merkel huitikia dawa hizi vizuri kuliko saratani nyingi kwa sababu kinga ina kitu cha kukitambua. Mwaka 2008, Yuan Chang na Patrick Moore pamoja na wenzao wa Pittsburgh waligundua kirusi kinachoishi ndani ya nyingi ya saratani hizi. Ndio hao waliogundua mwaka 1994 kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, ugonjwa ambao Uganda na Tanzania zinaufahamu vyema. Zile zisizo na kirusi huwa zimeharibiwa mno na jua, na uharibifu huo pia kinga huweza kuuona.

Kabla ya dawa hizi kulikuwa na kemotherapi peke yake. Uvimbe ulisinyaa kwa wengi, lakini baada ya miezi michache ulirudi. Tiba ya kinga imebadilisha hapo: anayeitikia, mara nyingi huendelea kuitikia kwa muda mrefu.

Zile namba za WhatsApp

Asilimia 33 ya avelumab ilitoka kwa wagonjwa 88 ambao wote kemotherapi ilikuwa imeshawashinda. Walikuwa wamechoka, na ugonjwa wao ulikuwa sugu. Wagonjwa 29 kati yao uvimbe ulisinyaa vya kutosha kuhesabika, na baada ya miaka mitano takriban robo ya wote 88 walikuwa hai. Kwa watu waliofikia hapo, hayo hayakuwa matokeo madogo. Kwa utafiti huo, Marekani iliidhinisha avelumab tarehe 23 Machi 2017, dawa ya kwanza kabisa kuidhinishwa kwa saratani hii.

Asilimia 56 ya pembrolizumab ilitoka kwa wagonjwa 50 ambao hawakuwahi kupewa dawa yoyote ya mwili mzima kwa ugonjwa wao uliosambaa au uliokithiri. Walioitikia ni 28. Dawa hiyo ikaidhinishwa tarehe 19 Desemba 2018.

Ukitaka kulinganisha kwa haki zaidi, chukua kundi la pili la avelumab: wagonjwa 116 ambao nao walikuwa hawajatibiwa ugonjwa uliosambaa. Hapo walioitikia ni 46, karibu asilimia 40. Mjomba atasema 56 bado ni nyingi kuliko 40. Ni kweli, lakini kwenye kundi la watu 50, wagonjwa watatu tu wakienda upande mwingine, namba inayumba kwa pointi sita. Ndiyo maana watakwimu huweka mipaka: 56 ile inaweza kuwa popote kati ya 41 na 70, na 40 ile kati ya 31 na 49. Mipaka hiyo inapishana. Utafiti wa baadaye wa pembrolizumab, wenye wagonjwa 55, ulitoa asilimia 49.

Tena, anayeshika 56 hana budi kushika na namba nyingine za utafiti huohuo. Madhara makali yaliyotokana na dawa yaliwapata asilimia 28 ya wagonjwa wa pembrolizumab, dhidi ya asilimia 18 hivi ya wale 116 wa avelumab. Je, tuseme avelumab ni salama zaidi? La, kwa sababu ileile: wagonjwa ni wachache na makundi ni tofauti. Kipimo unachokikataa kinapokuumiza, usikikumbatie kinapokufurahisha.

Miongozo ya tiba ya Marekani huziorodhesha dawa zote mbili kwa ugonjwa uliosambaa, na Machi 2023 iliidhinishwa ya tatu, retifanlimab. Hakuna mgonjwa wa kujuta kwa kupewa moja badala ya nyingine. Na kwa kuwa njia yao ni moja, moja ikishindwa, kuhamia ya pili si jambo la kutegemewa. Wakati huo zungumzeni na daktari kuhusu mionzi, dawa za kuchanganya, kemotherapi au utafiti unaopokea wagonjwa.

Kalenda

Hapa tofauti inaonekana kwa macho. Avelumab hutolewa kila baada ya wiki mbili, miligramu 800, dripu ya saa moja. Kabla ya dripu nne za mwanzo mgonjwa hupewa paracetamol na dawa ya mzio, kwa sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hupata baridi, homa au kubanwa kifua dawa inapoingia, na mara nyingi ni katika dripu hizo za kwanza. Pembrolizumab kwa mtu mzima ni miligramu 200 kila wiki tatu, au 400 kila wiki sita, dripu ya nusu saa, na kawaida haivuki miaka miwili. Avelumab huendelea maadamu inasaidia na haijaleta madhara makubwa.

Kwa mwaka mmoja, hiyo ni safari kama 26 za avelumab, dhidi ya 17 au 18 za pembrolizumab ya wiki tatu, au 9 hivi za ile ya wiki sita. Mzee anayekaa Leicester dakika kumi kutoka hospitali, safari hizo hazimsumbui. Anayetoka Songea kwenda Dar es Salaam, au Lodwar kwenda Nairobi, kila safari ina nauli ya watu wawili, malazi, na siku mbili za kazi za anayemsindikiza. Kama dawa zote mbili zipo na zote zinalipiwa, mimi ningeiacha kalenda iamue, na kwa anayeishi mbali kalenda inaelekea pembrolizumab. Ila kwa dozi za kwanza omba ratiba ya wiki tatu, ili daktari amwone mgonjwa mara kwa mara.

Nani analipa, na dawa inatoka wapi

Mara nyingi swali la kuchagua huamuliwa kabla ya wewe kufika. Uingereza, NICE, chombo kinachopima dawa zipi zitolewe na huduma ya afya ya umma (NHS), iliikubali avelumab mwaka 2018, ikapanua ruhusa hiyo mwaka 2021, hivyo ndiyo inayotajwa kwanza huko. Shangazi atulie: hakuna aliyesukumiwa kitu cha bei rahisi. Afrika Mashariki mambo huelekea upande wa pili. Avelumab ina matumizi machache, wakati pembrolizumab hutumika kwa saratani nyingi, zikiwemo za mapafu na melanoma. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya saratani, ikiwemo ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Merkel haimo kwenye orodha hiyo, lakini dawa inayotumika kwa wengi ndiyo rahisi kuikuta kwenye duka la hospitali kubwa.

Kabla ya dozi ya kwanza, pata jibu la bima kwa maandishi, likionyesha jina la dawa, jina la ugonjwa na idadi ya dozi. "Tutaangalia" si jibu. Kama mnachangishana, msianze na pesa ya dozi mbili mkitumaini Mungu atafungua njia. Wengi wanaoitikia huonekana katika picha za wiki 6 hadi 12 za mwanzo, kwa hiyo kusanyeni kwanza za kufika wiki ya 12: dozi sita za avelumab au nne za pembrolizumab, pamoja na CT, vipimo vya damu na nauli. Hapo mtajua kama kuna sababu ya kuendelea kuchanga. Msilinganishe bei ya kichupa kwa kichupa: dozi moja ya avelumab ni vichupa vinne vya miligramu 200, ya pembrolizumab ni viwili vya miligramu 100. Ulizeni bei ya dozi nzima.

Mkiomba msaada wa kampuni, angalieni anwani. Avelumab ni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani. Pembrolizumab ni ya Merck ya Marekani, ambayo huku kwetu hujiita MSD. Ni kampuni mbili tofauti, na barua iliyokwenda kusiko inaweza kupoteza mwezi.

Na msinunue kwa wakala wa mtaani au kwenye begi la mtu anayetoka India. Machi 2024 polisi wa Delhi waliwakamata watu waliokuwa wakijaza dawa ya fangasi kwenye vichupa vitupu vya dawa ghali za saratani, pembrolizumab ikiwemo. Dawa hizi hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa kabla hakijafunguliwa, pigeni picha namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na baada ya dripu muombe kiharibiwe mbele yenu.

Madhara: hapa ndipo pa kukazania

Nywele hazitoki, na wengi huendelea na shughuli zao. Hatari ya dawa hizi ni kwamba kinga iliyoamshwa inaweza kushambulia kiungo chochote kizima: utumbo, mapafu, ini, tezi ya thairoidi, kongosho, hata moyo. Inaweza kutokea wiki ya pili au mwezi wa nane, na wakati mwingine baada ya dawa kusimamishwa.

Kwetu sisi hatari huongezeka njiani. Mzee anaanza kuharisha mara sita kwa siku. Anapelekwa zahanati ya jirani, anaambiwa ni amiba au taifodi, anarudi na metronidazole na siprofloksasini. Wiki inapita, utumbo unaendelea kuungua, wakati alichohitaji ni siteroidi mapema. Kikohozi kipya na pumzi fupi huitwa nimonia. Kiu kali na mkojo mwingi huitwa joto la Mombasa, kumbe sukari imepanda ghafla. Malaria na taifodi zipo, na zipimwe. Lakini kliniki ya saratani ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Tengenezeni kadi ngumu ikae kwenye pochi ya mgonjwa: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, simu ya kliniki ya saratani, na maneno haya: "Natumia dawa ya kuamsha kinga. Kuharisha, kukohoa, macho ya njano, maumivu ya kifua au udhaifu mkubwa vinaweza kuwa madhara yake. Tafadhali piga simu kabla ya kunitibu." Kadi hiyo ni kwa dawa zote mbili.

Akipewa siteroidi kama prednisolone kwa ajili ya madhara, dozi hupunguzwa polepole, kwa kawaida wiki nne au zaidi. Asiache mwenyewe kwa sababu amepata nafuu. Thairoidi ikizimika, atameza kidonge kila siku na mara nyingi tiba huendelea. Na mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango wakati wote wa tiba, na mwezi mmoja baada ya avelumab au miezi minne baada ya pembrolizumab.

Mwenye VVU, mwenye figo ya kupandikizwa

VVU iliyodhibitiwa vizuri kwa ARV haimfungii mtu mlango. Utafiti wa pembrolizumab kwa watu 30 wenye VVU na saratani mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa jumla usalama ulikuwa unakubalika. Ila mgonjwa mmoja mwenye kirusi cha Kaposi alifariki baada ya kirusi hicho kuchachamaa. Kwa kuwa kirusi hicho kimeenea ukanda wetu, mwenye historia ya Kaposi aseme mapema. Omba pia upimwe kifua kikuu na homa ya ini ya B kabla ya kuanza.

Kwa aliyepandikizwa figo uzani ni mgumu zaidi: katika taarifa zilizokusanywa, takriban wanne kati ya kumi waliopewa dawa za aina hii mwili uliikataa figo. Uamuzi huo ukaliwe na daktari wa saratani na wa figo pamoja, mgonjwa akiwa ameambiwa wazi kwamba anaweza kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Maswali ya kwenda nayo

Daktari ana wagonjwa arobaini nje. Yaandikeni haya, na mmoja wenu ndiye aulize:

"Daktari, ripoti imethibitisha Merkel kwa CK20? Ugonjwa umesambaa hadi wapi? Mionzi au upasuaji bado vina nafasi? Kati ya dawa hizi, hospitali hii imewahi kutoa ipi, na ipi inapatikana mfululizo kwa miezi mitatu bila kukatika? Picha ya kwanza ni lini, na tukiona nini tutaacha? Usiku wa Jumapili akianza kuharisha, tunampigia nani?"

Kwa ugonjwa adimu hivi, maoni ya pili si dharau kwa daktari. Utafiti wa kwanza wa pembrolizumab kwa Merkel uliongozwa na Paul Nghiem wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Katika mji huohuo kuna kituo cha saratani cha Fred Hutch, ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, na jengo lao la pamoja lilifunguliwa mwaka 2015. Daktari wako anaweza kutuma ripoti na picha akauliza, wakati mgonjwa akiendelea na vipimo.

Ila maoni ya pili yasiwe kisingizio cha kungoja. Saratani hii hukua kwa wiki, na familia inayobishana mwezi mzima kati ya 33 na 56 imemwongezea mgonjwa hatari kubwa kuliko ile ya kuchagua vibaya. Jibu la swali la Jumapili usiku likishapatikana, na dozi za hadi wiki ya 12 zikiwa na mlipaji, chukueni dawa iliyopo kati ya hizo mbili, mkaanze.